Weather Report: Watu Walibadilika, Kanda za Laivu Zikabaki Kusema Ukweli

Wadau, kuna ubishi mmoja ambao hauishi vijiweni: bendi ni jina, au bendi ni watu? Mwimbaji anahama leo, mpiga solo anamfuata kesho, na wiki ijayo bango la ukumbini bado lina jina lile lile. Sasa ukilipa kiingilio unakwenda kumsikiliza nani hasa?

Sisi ubishi huu tumeuzoea. NUTA Jazz iliyoanza mwaka 1964 ikaja kuwa JUWATA, ikawa OTTU, kisha ikajulikana kama Msondo Ngoma, na humo ndani wamepita wanamuziki kibao. Mwaka 1973 Mbaraka Mwinshehe aliondoka Morogoro Jazz akaanzisha Super Volcano. Mwaka 1978 Muhidin Gurumo akaiacha JUWATA akaenda Mlimani Park. Kila mara mashabiki wanagawanyika: hawa wanabaki na jina, wale wanamfuata mtu.

Leo nataka tuutazame ubishi huo kupitia bendi ya mbali, Weather Report ya Marekani. Sababu ni kwamba bendi hii ilidumu miaka 16, kuanzia 1970 hadi 1986, ikabadilisha wapiga drams na wapiga besi kama watu wanavyobadilisha shati, na bado ikabaki na jina kubwa. Waliokuwepo mwanzo mpaka mwisho ni wawili tu. Na ukitaka kujua nini kilibadilika na nini kilibaki, albamu za studio hazitoshi. Jibu liko kwenye rekodi za laivu.

TUELEWANE KWANZA KUHUSU NENO JAZZ

Kwetu "jazz" lilikuwa jina la bendi ya dansi: magitaa, tarumbeta, tumba na watu wanacheza. Marekani jazz ni muziki ambao wimbo unakuwa kama barabara tu, na kila mpigaji anaruhusiwa kuchepuka, akaunda sauti zake papo hapo halafu akarudi kwa wenzake. Usiku wa leo solo inakwenda hivi, kesho inakwenda vingine kabisa.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 vijana wengi walikuwa wamehamia kwenye roki na muziki wa James Brown. Mpiga tarumbeta Miles Davis akaingiza piano za umeme na gitaa la umeme kwenye jazz, na mwaka 1969 akatoa albamu ya In a Silent Way. Ndoa hiyo ya jazz na roki na midundo ya mwili ndiyo iliyokuja kuitwa fyusheni, yaani mchanganyiko.

Kwenye albamu hiyo walikuwemo jamaa wawili. Mmoja ni Joe Zawinul, mpiga vinanda mzaliwa wa Vienna, Austria, mwaka 1932, ambaye ndiye aliyetunga huo wimbo wa In a Silent Way. Mwingine ni Wayne Shorter, mpulizaji saksafoni mzaliwa wa Newark, Marekani, mwaka 1933, ambaye alikuwa na Miles tangu 1964. Mwaka 1970 wawili hawa wakaungana na Miroslav Vitouš, mpiga besi kutoka Prague, wakaanzisha Weather Report.

MLANGO HAUKUFUNGWA

Sasa fuata vizuri hapa. Kwenye albamu ya kwanza ya mwaka 1971 drams zilipigwa na Alphonse Mouzon. Mwaka 1972 alikuwepo Eric Gravatt. Baada yake wakapita wengine kadhaa, wengine kwa ziara moja, wengine kwa albamu moja. Mwaka 1975 alikuwepo Chester Thompson. Halafu Alex Acuña wa Peru, ambaye aliingia kama mpiga tumba na ala ndogo ndogo, akahamia kwenye drams. Mwaka 1978 akaja Peter Erskine. Mwaka 1982 akaja Omar Hakim.

Kwenye besi ni hivyo hivyo. Vitouš mwenyewe, mwanzilishi kabisa, aliondoka kwa sababu Zawinul alitaka mdundo mzito unaorudia, na yeye hakuwa mtu wa mtindo huo. Akaingia Alphonso Johnson. Mwaka 1976 akaingia kijana wa Florida, Jaco Pastorius. Mwaka 1982 akaingia Victor Bailey.

Hapo katikati kuna jina ambalo msomaji wa Kiswahili lazima alisimamie. Mpiga drams wa albamu ya Tale Spinnin' ya mwaka 1975 anaitwa Leon "Ndugu" Chancler. Ndiyo, Ndugu, la kwetu hilo hilo. Siyo bahati mbaya. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mpiga piano Herbie Hancock, naye aliyetoka kwa Miles, alikuwa na bendi ambayo watu wake walijipa majina ya Kiswahili. Yeye mwenyewe alikuwa Mwandishi, na wenzake walikuwa Mganga, Jabali, Mchezaji na Pepo. Hilo lilikuwa sehemu ya Wamarekani weusi kuitafuta Afrika yao. Chancler alipiga kwenye albamu yao iliyoitwa Mwandishi ya mwaka 1971. Na kama bado unajiuliza umemsikia wapi, drams za Billie Jean ya Michael Jackson ni zake. Alifariki mwaka 2018. Kwa Weather Report alirekodi hiyo albamu moja, basi.

STUDIO INAFICHA, JUKWAA LINAFICHUA

Kuna watu watasema: si kuna albamu za studio, laivu ya nini? Chukua wimbo mmoja, Teen Town, uliomo kwenye albamu ya Heavy Weather ya mwaka 1977. Umetungwa na Jaco, na besi ndiyo inayoimba mwanzo mwisho. Ukisikiliza unaweza kudhani hiyo ndiyo bendi ikifanya kazi. Kumbe studioni Jaco alipiga besi na drams pia, yeye mwenyewe! Mtu mmoja anajijibu mwenyewe.

Jukwaani hilo haliwezekani. Mtu hana mikono minne. Kwa hiyo kwenye laivu za 1977 utamkuta Alex Acuña kwenye drams, na kwenye laivu za mwaka uliofuata utamkuta Peter Erskine. Wimbo ni ule ule, besi ni ya yule yule, lakini sasa kuna mtu wa pili anayemsukuma Jaco, anamkatisha, anamfukuzia. Ndiyo maana nasema studio inakupa wimbo, jukwaa linakupa watu.

Mfano mwingine ni albamu ya Black Market ya mwaka 1976. Hii ilirekodiwa wakati mpiga besi mmoja anatoka na mwingine anaingia. Sehemu kubwa amepiga Alphonso Johnson, nyimbo mbili amepiga Jaco. Wote wawili walikuwa wanapiga besi lisilo na vile vyuma vya shingoni, lile ambalo sauti inateleza kama mtu anaimba, kwa hiyo wengi wanachanganya nani ni nani. Studio haikuambii usiposoma jalada. Lakini ukiwasikia laivu, kila mmoja na bendi yake, tofauti inajitokeza yenyewe: Johnson anakaa kwenye mdundo na kuubeba, Jaco anataka besi iwe mwimbaji wa pili.

LAIVU ZENYEWE, MOJA BAADA YA NYINGINE

Live in Tokyo, 1972. Ilirekodiwa tarehe 13 Januari 1972 huko Japan. Hapa bado ni bendi ya Vitouš na Gravatt, pamoja na Dom Um Romão wa Brazil kwenye ala za kugonga. Usitegemee mdundo wa kuchezea. Nyimbo zimeunganishwa moja ndani ya nyingine bila kusimama, fungu la kwanza peke yake linapita dakika 25. Piano ya umeme ya Zawinul inakwaruza na kunguruma. Ni muziki mgumu, sisemi uongo. Albamu ilitolewa Japan tu, watu wa kwingine wakapata vipande vilivyokatwa na kuwekwa upande wa pili wa I Sing the Body Electric ya mwaka huo huo.

Live at Montreux 1976. Hii ni picha na sauti, ilitoka kwa DVD mwaka 2007. Jaco ndiyo kwanza ameingia, Acuña yuko kwenye drams, Manolo Badrena wa Puerto Rico kwenye ala za kugonga. Miaka minne tu imepita tangu Tokyo, lakini ungedhani ni bendi nyingine. Mdundo umeingia, watu wanatikisa vichwa.

8:30, mwaka 1979. Hii ndiyo laivu maarufu kuliko zote. Ni sahani mbili, pande tatu ni laivu za ziara ya 1978 na upande wa nne ni studio. Bendi sasa ni watu wanne tu, wapiga tumba hawapo. Hao wanne wanatoa sauti ya watu kumi. Wanawezaje? Zawinul alikuwa amepata vinanda vya umeme vinavyoweza kutoa sauti kadhaa kwa wakati mmoja, kwa hiyo mikono yake miwili inafanya kazi ya safu nzima ya wapulizaji. Jaco naye, kwenye solo yake inayoitwa Slang, alitumia kifaa kinachorudia alichopiga, halafu anapiga juu yake, anajisindikiza mwenyewe mbele ya watu. Na kuna mahali Shorter anabaki peke yake na saksafoni, hakuna anayemfuata. Albamu hii ilipata tuzo ya Grammy ya fyusheni.

Night Passage, 1980. Hii inachanganya watu. Inahesabiwa kama ya studio, lakini waliingiza watazamaji humo studioni Los Angeles wakapiga mbele yao. Na wimbo wa mwisho, Madagascar, ulirekodiwa kwenye onyesho la Osaka, Japan. Zawinul alikuwa ameshauona mchezo huo zamani. Mwaka 1966 akiwa na Cannonball Adderley walirekodi albamu ya Mercy, Mercy, Mercy, jalada likasema imerekodiwa klabu, kumbe ilikuwa studio ya Hollywood iliyoalikwa watu na vinywaji. Alijua kwamba mwanamuziki akiona nyuso za watu anapiga vingine.

Live and Unreleased, 2002. CD mbili za maonyesho ya kati ya 1975 na 1983. Hapa ndipo kwa mara ya kwanza bendi ya Alphonso Johnson na Chester Thompson ilipata albamu rasmi ya laivu, na bendi ya Bailey na Hakim pia imo. Angalizo: nyimbo hazikupangwa kwa miaka. Unasikiliza mpiga besi huyu, wimbo unaofuata ni mwingine kabisa, baada ya miaka nane. Soma maelezo usije ukasifia mtu ambaye hayupo.

The Legendary Live Tapes, 2015. CD nne za miaka 1978 hadi 1981, bendi ya Jaco na Erskine. Hii nitaieleza peke yake.

KASETI ZA MPIGA DRAMS

Hebu fikirieni kidogo. Kati ya 1972 na 1979 bendi hii haikutoa albamu nyingine ya laivu, wakati ilikuwa inazunguka dunia. Kama ungetegemea maduka tu, Alphonso Johnson jukwaani hakuwahi kuwepo kwa miaka 27. Mtu anapiga, watu wanashangilia, taa zinazimwa, kwisha. Ndipo unapoona umuhimu wa mtu anayetunza.

Peter Erskine alikuwa anahifadhi kaseti za maonyesho. Baadhi zilitoka kwenye miksa ya fundi mitambo wao, Brian Risner, nyingine zilichukuliwa kutoka upande wa watazamaji. Zilikaa zaidi ya miaka 30. Mwaka 2015 Erskine na Tony Zawinul, mtoto wa Joe, wakazitoa kwa utaratibu.

Tuelezane kidogo jinsi kanda hizi zinavyotofautiana, manake itakusaidia hata kwa bendi za hapa.

Kanda ya miksa inachukua kile tu kinachopelekwa kwenye spika za ukumbi. Ukumbi ukiwa mdogo, drams zinasikika zenyewe bila msaada, kwa hiyo fundi hazipandishi sana. Matokeo yake kwenye kaseti saksafoni na vinanda viko mbele, drams ziko kama chumba cha pili. Siyo kwamba mpiga drams alikuwa mvivu.

Kanda ya watazamaji inachukua ukumbi mzima: mwangwi, makofi, na yule jamaa anayepiga mluzi karibu na maiki. Sauti haijasafika, ila unapata joto la pale.

Rekodi ya kitaalamu inachukua kila chombo kwenye njia yake, halafu studioni wanasawazisha. Inapendeza sikioni. Lakini hapo hapo ndipo watu wanapopata nafasi ya kurekebisha makosa. Kwa hiyo kaseti chafu wakati mwingine ina ukweli mwingi kuliko sahani safi.

KWA NINI HILI NI JAMBO ZITO

Tuongee habari ya Jaco. Mwaka 1982 yeye na Erskine waliondoka, kila mmoja ana kazi nyingine, na ziara ya Weather Report ilikuwa imeshapangwa. Zawinul akamtafuta Omar Hakim, Hakim akawaleta Victor Bailey na José Rossy, bendi ikaendelea. Jina halikusimama hata siku moja.

Jaco hakuwa na bahati hiyo. Aliugua ugonjwa wa akili, ule unaompandisha mtu juu sana kisha kumshusha chini kabisa, akaishia kulala nje. Septemba 1987 alipigwa nje ya klabu moja Florida, akafariki tarehe 21 mwezi huo akiwa na miaka 35. Watu wengi wanamkumbuka kwa mwisho huo tu, kama hadithi ya kuonya watoto.

Lakini weka kaseti za 1978. Humo hakuna mgonjwa. Kuna kijana wa miaka 26 anayewasikiliza wenzake kwa makini, anajua lini anyamaze na lini aingie. Kanda hiyo inamtetea kuliko makala yoyote, hii ikiwemo. Na Victor Bailey, ambaye maisha yake yote aliulizwa kuhusu mtu aliyemrithi, naye anatetewa na laivu za 1983: hajaribu kuwa Jaco, anakaa na Hakim wanatengeneza mdundo wao. Bailey alifariki 2016, Zawinul 2007, Shorter 2023. Wakongwe wanaondoka, kanda zinabaki.

JE, BENDI NI JINA AU NI WATU?

Fanya jaribio hili. Kama upo kafe na dakika zinahesabika, tafuta wimbo mmoja tu, Black Market. Kwanza sikiliza wa studio wa 1976, Alphonso Johnson kwenye besi, dakika sita na nusu hivi. Pili ule wa Montreux wa mwaka huo huo, Jaco na Acuña. Tatu ule wa kwenye 8:30, Jaco na Erskine, unaopita dakika tisa. Vaa hedifoni.

Utagundua kitu. Sauti ile ya kinanda inayoimba wimbo iko pale pale mara zote tatu. Hiyo Zawinul aliipata kwa kugeuza mpangilio wa kinanda, sauti nyembamba zikawa kushoto na nene zikawa kulia, ili vidole vyake visiende kwa mazoea. Na saksafoni ya Shorter ni ile ile, maneno machache, kila moja mahali pake. Lakini sakafu waliyosimama juu yake imebadilika kila mara, na wao wanatembea tofauti kwa sababu hiyo.

Kwa mtazamo wangu jibu ni hili. Jina lilikuwa la wawili hao, na wao wenyewe walilijua. Mwaka 1986 Zawinul alipotoka ziarani bila Shorter hakuthubutu kuiita Weather Report, aliiita Weather Update. Lakini bendi, ile unayoisikia usiku fulani, ni ya kila aliyekuwa jukwaani usiku huo. Mwenye jina anastahili jina lake, na mpigaji anastahili kutajwa.

Ndiyo maana nawaomba vijana wenye simu zenye kurekodi. Ukienda dansi, ukirekodi wimbo mmoja, usiuache ukiwa na namba tu iliyowekwa na simu. Andika tarehe, andika ukumbi, andika nani yuko kwenye besi, nani yuko kwenye drams. Uliza kama humjui, watakwambia. Mpigaji akihama mwezi ujao, hiyo faili inaweza kuwa ndiyo ushahidi pekee kwamba alipita hapo.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Wewe unaijua bendi gani ambayo ilibadilisha watu ikawa bora, au ikafa kabisa? Na una kanda gani nyumbani ambayo hakuna mwingine anayo? Shusha hapo chini, ila weka na mwaka.